Mabinti wa Msimamizi wa Barabara

4 Februari

Kwako Mama usiyenijua,

Sijui nikuite nani. Mpelelezi wa mahakama alikataa kunipa jina lako. Alinipa sanduku la posta tu, akasema, "Mwandikie ukitaka, ila mambo ya kesi msiyaguse." Kwa hiyo nabisha hodi kwenye nyumba ambayo sijui kama ina watu.

Baba yangu ni mwokaji mikate. Tangu nipate akili yuko kwenye tanuri nyuma ya soko, na mtaa mzima unamwita Mzee Mkate. Mwezi uliopita polisi walimfuata kazini, wakamtia pingu mikono ikiwa bado na unga. Wanasema jina analolitumia si lake. Wanasema katika nchi aliyotoka alikuwa msimamizi wa barabara, na siku za mauaji alitumia malori ya idara kuwapeleka watu kuuawa. Baba anasema wamemfananisha. "Duniani wawili wawili," ananiambia, na hajawahi kunidanganya.

Halafu wakanieleza habari zako: kwamba unadai wewe ni mtoto wa huyo msimamizi, na umeshatoa mate yako yapimwe. Baba amekataa kupimwa, na wakili wake anaipinga amri hiyo kortini. Huenda wakavutana mwaka mzima. Lakini mimi nikitoa mate yangu kwa hiari, mambo yanakwisha upesi. Kama mimi na wewe ni damu moja, basi baba ndiye wanayemtafuta. Kama si damu moja, anarudi kwenye tanuri lake.

Nimekataa. Mimi ni mpima macho, kazi bado changa, lakini nimeshaona mteja akiapa kwamba anaiona herufi ambayo haipo ubaoni. Huenda na wewe ulikuwa na hamu ya baba, ukaona picha gazetini, ukaivisha sura unayoitaka.

Ila udadisi hauniachi. Niambie jambo moja kuhusu baba yako ambalo haliwezi kuwa gazetini. Jambo dogo kabisa. Mama yangu alishafariki, na sina ndugu wa kumuuliza.

Binti wa Mzee Mkate


27 Februari

Kwako Binti wa Mzee Mkate,

Umeniita Mama, nikajitazama kwenye kioo cha gari. Bado, bibi wee. Nimevuka thelathini juzijuzi tu.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Barua yako niliisoma nikiwa kiti cha pembeni huku mwanafunzi wangu akirudisha gari nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii sikukanyaga breki yangu kwa wakati. Tuliponda ndoo ya mwenye kibanda cha mbogamboga. Alitutukana sote wawili, na angejua habari zako angekutukana na wewe.

Umeomba jambo dogo. Ninayo machache, maana nilikuwa na miaka minane alipoondoka. Alikuwa mkimya. Alikunywa chai ya moto ya kuunguza ulimi. Hakuwahi kunipiga. Tuliishi mahali pa baridi, na asubuhi shati langu la shule lilikuwa kama limetolewa kisimani. Basi alikuwa analikunja, analiweka kwenye kiti, analikalia huku anakunywa chai yake hadi lipate joto. Mama alimcheka: "Kuku wetu anaatamia." Kikombe kikiisha, shati limeiva, nami nalivaa.

Hayo ndiyo madogo. Mengine ninayoyajua si madogo, na nimekatazwa kuyaandika.

Wala simng'ang'anii baba yako. Akithibitika kuwa mtu mwingine, wangu atabaki amepotea, na hilo nimeshalizoea.

Mwalimu wa Udereva


20 Machi

Mwalimu,

Samahani kwa kukuzeesha.

Nimeisoma barua yako, nimetulia. Hakuna kinachofanana. Baba yangu anakunywa chai ya vuguvugu, tena ni msemaji, anawatania wateja hadi foleni inajisahau. Kwa hiyo yamekwisha, na nakushukuru kwa uungwana wako.

Nauliza tu kwa sababu nilizaliwa mdadisi: hilo la shati, alilifanya kila siku au siku za baridi kali tu? Alipolikunja, kola ilikaa juu au chini? Ukishalivaa alikuwa anasema neno, au alikugonga kichwani kwa kidole kimoja akaenda zake? Mama yako bado yupo? Huwa anamtaja? Na huyo msimamizi alikuwa akicheka kwa sauti, au mabega tu ndiyo yaliyotikisika?

Si lazima ujibu.

Binti wa Mzee Mkate


9 Aprili

Mdogo wangu (niruhusu, kwa umri tu),

Mtu ambaye kwake hakuna kinachofanana haulizi kola ilikaa wapi. Ilikaa chini. Alilifanya kila siku, hata jua likiwaka, kwa mazoea. Na ndiyo, alinigonga kichwani kwa kidole kimoja. Lakini hilo la kidole mimi sikukuandikia. Umelitoa wapi?

Usinijibu. Nimeuliza kwa mazoea ya kazi, mwalimu wa udereva hachoki kuuliza, "Umeangalia kioo?"

Mama yupo. Goti linamsumbua na redio yake haizimwi. Hamtaji. Yeye alizaliwa katika watu waliokuwa wanawindwa siku zile. Baba alikuwa wa upande wa wawindaji, na kwa sababu ya ndoa hiyo Mama alipona. Kaka yake hakupona. Mjomba alikuwa mwalimu wa shule, akiishi upande wa pili wa ua wetu na mkewe na watoto. Waliondoka kwa lori la idara ya barabara, na tangu siku hiyo hakuna aliyewaona, si wazima si maiti. Kila masika udongo ukiporomoka mahali, watu hupiga simu: "Njooni mtazame, kuna mifupa." Mama anavaa viatu. Tunakwenda. Hadi leo hawajawa wao. Tunarudi, anavua viatu, anawasha redio.

Hicho ndicho ninachokitaka, kama ulikuwa unajiuliza. Kufungwa kwake ni kazi ya majaji. Mimi namtafutia Mama mahali pa kusimama.

Mate yako ni yako. Usiyatoe kwa ajili yangu, na usiyazuie kwa ajili yangu.

Ulivyosema huna ndugu wa kumuuliza, nilifurahi kidogo, halafu nikajishangaa. Ungekuwa unafananaje?

Mwalimu


2 Juni

Shikamoo, dada.

Majibu yametoka leo asubuhi. Mpelelezi atakuwa ameshakupigia, lakini nilitaka salamu hiyo itoke kwangu mwenyewe.

Nilikudanganya. Mimi ilikuwa sweta. Sweta ya kijani, kila siku ya shule, kola chini, halafu kidole kichwani. Mama yangu hakuwa na utani wa kuku, yeye alisema, "Utamkunjia mtoto nguo kama makaratasi ya benki." Nilipoisoma barua yako nilikuwa dukani, na mteja mbele yangu amevaa ile miwani nzito ya kupimia, ananiuliza, "Sasa hapa naona vizuri au vibaya?"

Nilikwenda mwenyewe. Dada mmoja mwenye glavu akaniambia nifungue mdomo, akapitisha kijiti chenye pamba ndani ya shavu, basi. Nilitegemea kitaniuma.

Baada ya hapo nilikwenda mahabusu kumwambia baba. Nataka ujue jinsi ilivyokuwa.

"Baba, nimetoa mate."

"Umekula?" akaniuliza.

"Baba, wanasema nina dada."

"Unakonda. Nani anakupikia siku hizi?"

"Kuna mwanamke anayejua habari ya sweta."

Akasimama, akamwambia askari muda umekwisha. Askari akatazama saa, akatutazama sisi, akasema, "Mzee, mna muda mwingi bado." Baba akaondoka hivyohivyo.

Sijui kama nimemuua au nimemfufua. Niambie, unatumia mkono gani kuandikia? Mimi ni wa kushoto. Na wewe unapochukia, masikio yanakuwa ya moto?

Mdogo wako


25 Juni

Marahaba, mdogo wangu.

Salamu hiyo nimeisoma hadi karatasi imelegea. Nilikua peke yangu. Wa kunipa shikamoo walikuwa wanafunzi tu, nao wanaitoa kwa kuogopa kufeli.

Wa kulia. Masikio ndiyo, hadi naona haya.

Mama sijamwambia kwamba upo. Amejua tu kuwa vipimo vimemthibitisha Baba. Alisema, "Haya," akaongeza sauti ya redio.

Sasa sikiliza. Septemba naletwa huko kutoa ushahidi. Tumekatazwa kuonana hadi kesi iishe, kwa hiyo usinisubiri mlangoni, wala usinipungie mkono. Kuna jambo nililiona kwa macho yangu, na halikupaswa kuandikwa kabla ya kusemwa mbele ya majaji. Utakapolisikia, lisikie lote kwanza, ndipo unihukumu.

Dada yako


3 Oktoba

Kwako Mwalimu,

Nilikaa benchi la nyuma. Nilikuona kwa mgongo tu: koti la bluu, nywele zimebanwa. Kila wakili wa baba aliposimama, mguu wako wa kulia ulikanyaga sakafu. Mama mmoja pembeni yangu alinong'ona, "Masikini, anatetemeka." Mimi nilijua ni breki.

Nililisikia lote, kama ulivyoniagiza. Ulisema Mjomba alipanda lori kwa sababu mwenye lori ni shemeji yake, aliyeahidi kuwavusha mpaka. Mkewe alibeba sufuria na blanketi. Ulisema na wewe ulipanda, umeshikana mikono na binti wa Mjomba uliyekuwa unasoma naye darasa moja. Kisha baba akazunguka nyuma, akahesabu vichwa kwa macho, akakushika kwapani, akakushusha. "Wewe unabaki."

Wakili akauliza, kwa upole wa kuchukiza, "Ulikuwa mtoto mdogo. Huenda alikushusha kwa sababu lori lilikuwa limejaa?"

Ukasema, "Halikujaa. Nilikuwa nimeshakaa."

Nilimtazama baba. Alikuwa anaangalia kucha zake, kama anatafuta unga.

Kwa hiyo hilo ndilo ulilokuwa nalo tangu Februari, na mimi nakuandikia habari za kola! Ulinipa shati, ukaficha kwamba ulishushwa lorini. Ningejua la lori, ningetoa mate? Au ningekimbia? Sitajua kamwe, na hilo ndilo linaloniuma. Nahisi nilivuliwa kama samaki, kwa chambo cha sweta yangu mwenyewe.

Tena nasema na hili, ingawa najua ni la kijinga. Maisha yangu yote nilijiona mimi ndiye mtoto aliyebebwa. Sasa najua alijua kubeba zamani, na alijua kuchagua wa kumbeba.

Usiniandikie kwa sasa.

Binti wa Mzee Mkate


11 Februari

Mdogo wangu,

Umenikataza, nikatii nilivyoweza. Nadhani mwaka mpya umeifuta hiyo amri; ukiona haijafutika, chana.

Hukumu tuliisikia redioni. Kifungo cha maisha. Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akaniuliza, "Wamesema wapi?" Nikamwambia hawajasema wapi. Akaendelea kuchambua.

Sitajificha nyuma ya mpelelezi. Hata nisingekatazwa, nisingekuandikia la lori. Shati ni la kweli na lori ni la kweli, na mtu ni yuleyule. Mimi nimeishi navyo vyote viwili tangu utotoni na bado sijui vinakaaje kichwa kimoja. Ningeanza na lori, ungefunga mlango, na ungekuwa na haki. Uliomba dogo, nikakupa dogo. Kama hiyo ni ndoano, basi na mimi imenishika, maana kila nikienda posta mkono unatangulia sandukuni kabla ya macho.

Nina ombi. Wapelelezi walimuuliza wapi aliwapeleka, akawaambia yeye ni mwokaji mikate. Mimi nilimwandikia gerezani. Barua imerudi haijafunguliwa. Lakini wewe anakuuliza kama umekula. Muulize wapi. Hilo tu.

Na kama huwezi, niandikie hata matusi. Nimezimisi bahasha zako.

Dada yako


16 Machi

Shikamoo, dada.

Hasira zimeisha zenyewe, kama mafua. Nilishangaa siku moja nimeamka hazipo, pua tu ndiyo bado nyekundu.

Nimekwenda. Chumba cha wageni kina meza iliyopigiliwa misumari sakafuni na feni inayozunguka bila kuleta upepo. Amenenepa kidogo. Wamempa kazi jikoni.

"Baba, uliwapeleka wapi?"

"Akina nani?"

"Shemeji yako na watoto wake."

Akaanza kunieleza hamira ya gerezani. Mbovu, imepitwa na wakati, unga unalala badala ya kuumuka, na mkuu wa jiko hasikii la mtu. Nilimsikiliza hadi mwisho wa hamira, nikauliza tena. Akaanza habari za chumvi. Basi nikachukua mkoba wangu. Nilikuwa nimeshaamua kukuandikia kwamba nimeshindwa.

Akasema, bila kunitazama, "Yule... anafanya kazi gani?"

"Yule nani?"

"Yule aliyekuja kule."

"Dada? Anafundisha udereva."

Dada, mabega yakatikisika. Alikuwa anacheka. "Udereva! Alikuwa anaogopa hata baiskeli. Palepale mjini?"

"Palepale."

"Basi lazima anawapeleka kona ya machimbo. Hakuna kona ya kufundishia kama ile. Niliikata mimi."

Nikarudi kukaa, polepole, na nikauliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Kwa nini mlikata kona hapo? Kuna mlima?"

"Hakuna mlima, pamenyooka kabisa."

"Kuna mto?"

Akafungua mdomo kujibu, akaufunga. Nikaona uso wake ukitambua mahali ulipofika. Feni ilizunguka na kuzunguka. Nilimngoja, maana kazi yangu imenifundisha kumpa mtu muda aisome herufi mwenyewe.

"Ramani ilipitisha barabara moja kwa moja," akasema mwishowe. "Juu ya shimo la zamani la kokoto. Ingebidi lichimbuliwe upya, liwekwe msingi. Nilikuwa nimeshalifukia. Sikutaka lichimbuliwe."

"Kwa sababu gani?"

"Umeshajua sababu gani."

Halafu akasema, "Usimwambie kwamba ni mimi niliyesema."

"Nimwambie ni nani, baba?"

Safari hii ni mimi niliyemwambia askari kwamba muda umekwisha. Mpelelezi nimeshampa maneno yote, na nimeyatia saini.

Nilitaka ujue pia kwamba aliuliza habari zako kabla ya kuteleza, si baada. Sijui kama hilo lina thamani yoyote kwako. Kama halina, liache hapohapo.

Mdogo wako


28 Aprili

Mdogo wangu,

Kona ile naijua kuliko kiganja changu. Hakuna mwanafunzi ambaye sijamtoa jasho pale. Walimu wote wa udereva tunaisifu, na tuna utani wetu: hakuna mlima, hakuna mto, barabara inapinda tu, mhandisi alikuwa amelewa. Utani huo nimeutoa mara ngapi, na wanafunzi wakacheka! Ndani ya pindo lake pana nyasi na vichaka. Nimewahi kuegesha hapo kula chakula cha mchana.

Watu wa mahakama walikuja na hema, sepetu na brashi ndogondogo kama za kupakia rangi. Mama alikataa kukaa garini. Tulimwekea kiti cha plastiki ng'ambo ya barabara, akafungulia redio yake kwa sauti ya chini, na magari yakapunguza mwendo kumtazama. Siku walipoliona blanketi, mmoja wao alivuka barabara akaja kwake, akachuchumaa. Mama akaizima redio mwenyewe. Na yeye akafunguliwa mdomo, wakapitisha kijiti.

Ni wengi, mdogo wangu, zaidi ya watu wa lori lile. Mjomba yumo, na mkewe, na yule binti wa darasa langu. Mdogo wao wa mwisho bado hajapatikana. Wanaendelea kuchimba, nasi tunaendelea kungoja, lakini sasa tunangoja mahali pamoja.

Jana jioni Mama aliniuliza, "Wamejuaje mahali pale?"

"Kuna mtu alimuuliza, akasema."

"Mtu gani? Huyo hawezi kumwambia mtu."

Nikamwambia. Nikamwambia yote: kwamba upo, kwamba unapima macho, na habari ya sweta pia. Akaniuliza:

"Mama yake yupo?"

"Alifariki."

"Kwa hiyo alikwenda kumuuliza peke yake."

"Peke yake."

Akanyanyuka, akaenda kuchemsha maji, akarudi bila maji. Nakuandikia alivyosema, neno kwa neno, maana aliniagiza nisipunguze wala kuongeza: "Mwambie tunazika Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao. Asipokuja, sitamlaumu. Akija, atalala chumbani kwako, na asubuhi asitangulie kuamka. Bado siwezi kuingia jikoni nikaikuta sura ile ya baba yake. Nitaanza kuamka mimi, nikae kwanza, ndipo umlete."

Hayo ndiyo yaliyopo nyumbani kwetu kwa sasa, sikuyapamba. Ukiamua, niandikie siku na saa, nitakuja kukupokea na gari la shule ya udereva. Lina neno MWANAFUNZI kwa maandishi makubwa mekundu ubavuni, usione haya.

Njoo na viatu unavyoweza kuvitupa. Mvua imeanza, na njia ya makaburini ni tope tupu.

Dada yako